Bendera Isiyo na Bahari

Kwa muda mrefu, nikiwa na akili zangu timamu na cheti changu cha kidato cha nne kimelala sandukuni, nilitangaza misiba ya mtaa wetu wa Ngamiani kwa bendera ya nchi nyingine. Hakuna aliyenilazimisha. Niliichagua mwenyewe, nikaipenda, nikawa naibandika chini ya kila tangazo kama mhuri. Watu walizikwa, hitima zikasomwa, na mimi sina habari kwamba kila marehemu nilikuwa namsindikiza kwa rangi za kisiwa ambacho hata jina lake nilikuja kufundishwa kulitamka.

Nijitetee kidogo, maana hakuna mwingine atakayenitetea. Simu yangu ina ufa kwenye kona, na mwanga wake huwa nimeupunguza ili chaji ifike jioni. Miwani ninayo, lakini naivaa nikidarizi mashuka tu, kazi inayoniweka ndani ya nyumba mwaka mzima bila mtu kuniuliza kwa nini sitoki. Sasa ukifungua vile vikatuni vya simu ukaenda kwenye bendera, utakuta safu ndefu kama foleni ya mwendokasi, na zimepangwa kwa majina ya Kiingereza, kwa hiyo yetu sisi iko mbali huko karibu na mwisho. Mimi sikufika huko. Njiani nikakutana na kijani juu, mstari mweusi uliolala mshazari, kingo za manjano. Nikasema hii hapa, nikabonyeza. Chini palipotakiwa kuwa na bluu palikuwa na wekundu, na kwenye ule weusi kulikuwa na vinyota viwili vyeupe. Vinyota nilidhani ni mchubuko wa kioo. Wekundu sikuuona kabisa. Jicho likishajua linachokitafuta huwa halimalizi kazi.

Na simu nayo ina tabia ya kukuwekea mbele kile ulichotumia jana. Baada ya siku ile sikutafuta tena.

Utauliza bendera na msiba wapi na wapi. Mtaa wetu una chama cha kufa na kuzikana. Mtu akifiwa, wanachama wanaleta mchele, kuni, maturubai, na wao wenyewe wanakuja kukaa. Waliponichagua kuwa katibu walisema wazi sababu: huyu hatoki, saa yoyote utamkuta. Ndiyo sifa pekee waliyoitaja. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika taarifa ya msiba kwenye kundi la chama katika simu: nani katangulia, mazishi wapi, wanawake wakutane nyumba gani. Tangazo la kwanza niliandika nikalisoma, nikaliona limekaa uchiuchi, kama salamu ya mtu yeyote. Nikaongeza bendera. Palepale likapata uzito, kama limetoka ofisi ya mkuu wa wilaya.

Wengine bendera wanazitumia kwa mambo yenye akili. Binamu yangu aliye Omani kabandika mbili mbele ya jina lake, yetu na ya huko, mguu huku mguu kule. Jamaa zetu wa Moa, ambao ng'ambo ya mpaka kuna nusu ya ukoo wao, wanabadilisha kutegemea siku hiyo nani kawaudhi. Shoga yangu alinitania mapema kuhusu hili.

"Bendera anaweka aliye mbali na kwao," aliniambia. "Wewe umefika wapi? Maramba, tena ulirudi siku hiyohiyo unalia kichwa."

"Maramba nilikuja kwenu," nikamjibu. "Kichwa kiliniuma kwa kelele za ndugu zako."

Huyo shoga ndiye mtu mwenyewe wa habari hii. Tulisoma sekondari darasa moja, akaolewa Tanga mjini, akapanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwao ni Maramba, wazazi wake waliteremka kutoka milimani kufuata kazi za mashamba, Walutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili. Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa na mama mdogo ambaye adhana ikilia redio inazimwa. Haikutuzuia chochote. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na sisi wawili utani huo tuliufanya ndiyo mkate wetu. Mlango wa mbele wa nyumba yetu hakuwahi kuugonga. Alikuwa anapita uwani, anafunua sufuria kwanza, kisha ndiyo anatusalimu. Mama mdogo alikuwa anamwambia, "Mwizi wangu umefika," naye anajibu, "Shikamoo mama, leo umepika kama mnafungwa kesho," na wote wawili wanafurahi.

Mahali alipokuwa hodari hasa ni msibani. Kwa wasiojua: mtani akija kwenye msiba wako anaruhusiwa kukucheka. Anamcheka hata marehemu. Ni heshima, na ni dawa. Alipofariki fundi seremala wa mtaa wetu, mtu mzuri lakini mkono wake ulikuwa mgumu kufunguka, shoga yangu aliingia amevaa koti la marehemu na kofia yake, akakaa kwenye kiti chake, na kila aliyeomba maji akamwambia, "Maji ya kunywa nendeni mkanywe kwenu." Mjane alicheka mpaka akashika ukuta. Ilibidi apewe jogoo ndipo avue koti. Utani una sheria zake. Unaufanya mchana kweupe, mbele ya mfiwa, na mfiwa anakuona uso.

Naomba uikumbuke sheria hiyo, maana ndiyo iliyoniumiza.

Basi nikaendelea na matangazo yangu. Nikaanza kuona watu wamebadilika kidogo, wamekuwa na adabu. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima anayekaanga bajia na kachori barazani pake, siku moja nilipotoka kutupa takataka aliniita, "Mheshimiwa, leo hakuna taarifa?" Nikasema hakuna, shikamoo. Baadaye wengine nao wakalidaka. Muuza samaki ananiita Mheshimiwa. Wanawake wa chama nikiingia wananipisha mkekani: kaa hapa Mheshimiwa, habari za kazi. Mimi nani nisipende. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo kwamba ukatibu umeanza kuheshimiwa mtaani. Alikuwa anapepeta mchele. Akaniangalia, akasema, "Wanakuheshimu wewe?" Nikamwona hana imani na mimi.

Shoga yangu alikuwepo siku hiyo. Alikohoa, akatoka kwenda kunawa mikono.

Mama mdogo alifariki asubuhi, katikati ya shughuli zake, chai yake ikiwa mezani haijapoa. Huyu ndiye aliyenilea tangu sijaota meno ya pili. Nyumba ninayokaa ni yake, kudarizi ni yeye aliyenifundisha, hata ugonjwa wangu wa kutotoka nyumbani nadhani nimeurithi kwake. Watu walianza kujaa, na mwenyekiti wa chama akaniambia taratibu kwamba tangazo anaweza kuliandika yeye. Nikakataa. Niliona ni kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia kwa mkono wangu. Nikakaa kitandani kwake nikaliandika, jina lake lote na la baba yake, mazishi baada ya alasiri, wanawake wote hapa nyumbani. Nikaweka bendera. Safari hii niliweka tatu, kwa sababu alikuwa mama yangu.

Shoga yangu aliwahi kufika kuliko ndugu zangu wa damu. Kajitanda khanga vizuri, akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akanishika mkono. Nilikuwa nasubiri utani wake. Kweli nilikuwa nausubiri. Niliwaza ataingia na miwani ya mama mdogo, au atafunua sufuria na kulalamika, au atadai urithi wake kama mwizi wa nyumba. Nilitaka mtu anicheke ili nipumue. Siku ya mazishi ikapita, amenyamaza. Kesho yake amenyamaza, ananipangusa machozi tu. Nikajisemea huyu naye kaumia, mtani mzima kashindwa kutania. Nikampenda zaidi kwa hilo.

Mchana wa kesho yake hiyo, wanawake wakiwa uwani wanakuna nazi na wengine wamejinyoosha kwenye mkeka, simu yangu ikatikisika mapajani. Ni kundi la chama. Nikadhani rambirambi. Nikafungua.

Ilikuwa picha ya tangazo langu, lile la mama mdogo. Mtu kalipiga picha palepale kwenye simu, na zile bendera tatu kazizungushia duara jekundu. Chini yake kaandika: "Leo kisiwani msiba mzito, Mheshimiwa kafiwa. Bendera zote nusu mlingoti." Pembeni ya maneno hayo kuna vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Na juu yake kuna jina la aliyetuma.

Nilisoma jina lile huku mwenye jina kanishika mkono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wangu. Wa kulia ulikuwa chini ya khanga, na khanga ilikuwa inatikisika, kidole kinafanya kazi kwa haraka. Kisha kwenye kioo changu maneno yakatoweka, pakabaki pameandikwa kwamba ujumbe umefutwa.

Mtu wa kutoka-toka asingeuona. Angekuwa sokoni, angekuwa njiani, angefungua simu baadaye akakuta umefutwa na maisha yanaendelea. Mimi, kwa sifa ile pekee iliyonipa ukatibu, nilikuwepo.

Nilisema naenda kujimwagia maji usoni, nikaingia chumbani kwa mama mdogo. Nilikuwa bado sijaelewa. Duara nimeliona, kisiwa gani sikijui, nusu mlingoti naijua lakini cheko liko wapi? Nikavaa miwani yangu ya kudarizi. Dirisha la chumba kile linatazama shule ya msingi, na shule ina mlingoti, na siku hiyo upepo ulikuwa wa kutosha, bendera imekunjuka yote. Nikaweka simu usawa wa jicho, pembeni ya ile ya shule. Kijani na kijani. Nyeusi na nyeusi. Manjano na manjano. Halafu kule bluu, huku nyekundu.

Tuliimba darasani: kijani ni ardhi yetu na mimea, manjano ni madini, nyeusi ni sisi wenyewe, bluu ni maji. Mimi ni mtoto wa Tanga. Bahari iko mwendo wa kutembea kutoka kitandani kwangu. Na bado nilikuwa nimetangaza misiba ya mtaa mzima kwa bendera isiyo na bahari, na sikugundua kwamba kuna kitu kimepungua. Labda kwa kuwa hata yenyewe bahari siendi kuitazama.

Nilimkuta uwani, kakaa juu ya mbuzi ya nazi, anakuna kama aliyelipwa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Ni ya wapi?" nikamuuliza.

Hakuuliza nini. "Saint Kitts na Nevis," akasema. Alilitamka jina lote bila kujikwaa, kama mtu aliyelizoea mdomoni. "Ni kisiwa. Huko Karibi."

"Kisiwa kizima na hawakuweka maji kwenye bendera yao."

Akataka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu msiba wa seremala."

"Na hukuniambia."

"Ungeona aibu, shoga. Ulikuwa umeipenda."

"Kundi gani ulitaka kutuma?"

Akaendelea kukuna nazi ambayo ilikuwa imekwisha, kifuu kinalia kwenye chuma. "Kakikundi tu. Ka kucheka. Si mimi niliyekaanzisha."

"Mko wangapi humo?"

"Una msiba. Haya tutayaongea."

"Mama yangu mmemcheka naye?"

"Hakuna aliyemcheka mama," akasema, na hapo sauti yake ilikuwa kweli. "Ni bendera tu. Ni utani. Mimi na wewe si watani? Au leo umeacha?"

"Mtani wangu nilimsubiri jana pale mkekani," nikamwambia. "Nilimsubiri avae miwani ya mama. Kumbe utani wangu mnagawana huko mlikofunga mlango."

Akasema, "Unakuza jambo." Mwanamke mmoja akaita nazi inahitajika jikoni, akainuka na sinia lake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akiongea na mimi kama zamani.

Sitaki kujifanya sikuwahi kumcheka mtu. Nimecheka wengi, baadhi wakiwa wamenipa mgongo, na nikiwa na simu nzuri huenda ningecheka zaidi. Lakini mimi na yeye tulikuwa na kitu chetu, kina kanuni zake, na kwa kanuni hizo alikuwa na ruhusa ya kuniambia jambo lolote. Angeweza kusimama katikati ya wanawake akasema, "Ndugu wafiwa, katibu wenu amewahamishia kaburi Karibi." Ningekufa kwa aibu, ningecheka mpaka nishike ukuta kama yule mjane, na mama mdogo angepata mazishi kamili. Badala yake alinishika mkono. Ule mkono ndio siusamehe. Ningependa kusema nimejaribu.

Arobaini ilipofika nilifanya jambo ambalo si tabia yangu, nilisimama mbele za watu. Hitima imekwisha, sahani za pilau ziko mikononi, naye amekuja, kakaa mbali kidogo karibu na mlango. Nikasema, "Msiba wa mama ulipita bila utani, na mtani wangu yupo hapa. Namwomba asimame anitanie. Hata kuhusu bendera. Leo nimejiandaa."

Nilikuwa namaanisha. Lau angesimama angekuwa amerudi nyumbani.

Nikawatazama wanawake mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa lile kakikundi: karibu kila mtu alikuwa anaangalia sahani yake. Mwenyekiti alikuwa anaondoa mchele usioonekana kwenye goti lake. Jirani yangu wa bajia peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama, anatafuna, ametulia, nami nikapata faraja kwamba hata mmoja yupo.

Shoga yangu alitengeneza khanga begani. "Leo sijisikii," akasema.

Basi. Mtu akauliza chai imefika wapi.

Baada ya hapo hakupita tena uwani. Tukikutana njiani anaingia dukani, au mimi naingia, kutegemea duka liko upande wa nani. Niliandika kwenye kundi kwamba kwa sasa napumzika ukatibu. Nilitegemea mtu atauliza kwa nini. Walijibu kwa vidole gumba. Siku chache baadaye nikaona wamechagua katibu mwingine, mwenye shule, mwenye simu nzuri, mchangamfu. Ni yeye.

Tangazo lake la kwanza lilikuja wiki hii, mzee mmoja wa barabara ya nyuma. Nililisoma polepole. Limeandikwa vizuri kuliko yangu, nakubali. Jina, mazishi, wanawake wakutane wapi. Na chini kabisa, mahali pale pale nilipokuwa naweka mimi, kaweka bendera. Kijani, manjano, nyeusi, bluu. Ile ile yetu. Kwa hiyo wazo langu alilikubali muda wote, alikuwa anangoja tu kulisahihisha nikishaondoka.

Nilitoka nje mchana huo, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa habari, nikaenda barazani kwa jirani yangu. Kwenye msiba wangu huyu mama aliniletea uji kila asubuhi na hakunisemesha, na kwa hilo nilimwona ndiye mtu pekee mtaani ninayeweza kumlilia. Alikuwa anageuza kachori.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

Nikampa simu, tangazo la shoga yangu nimelipiga picha. "Tazama mwenyewe, mama. Alikuwa anaijua iliyo sahihi tangu siku ya kwanza. Kaniacha nizurure na ile nyingine mpaka kwenye msiba wa mama yangu."

Akajipangusa mafuta kwenye khanga, akaivuta ile picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaitazama kwa muda, kisha akanirudishia simu na kuchukua mwiko wake.

"Hii ndiyo yetu, sikatai, ina bahari yake na kila kitu," akasema. "Lakini tangazo lako nilikuwa nalisoma mpaka chini nipate kucheka, na lile kundi la kisiwani nililianzisha mimi, mimi ndiye niliyewaambia wakuite Mheshimiwa, sasa sogea, unanizibia wateja."